Shahidi wa Samaki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa jina la yeyote unayemwogopa: lifunge. Kama huwezi kulifunga, soma, lakini usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Honoré. Hasa Bwana Moonsamy. Ukimwambia Amne, ni sawa na kulisoma kwenye kipaza sauti.

Mimi ni Dominiki, karani, miaka ishirini na sita, mtu wa Manyoni. Diploma ya usafirishaji, daraja la kwanza. Kampuni yetu inatoa mizigo bandarini hapa Durban. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 mwezi huu. Wa Honoré, karani mwenzangu, pia. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Bila nafasi hakuna barua ya mwajiri. Bila barua hakuna kibali. Bila kibali, Manyoni. Na Manyoni sirudi, kwa sababu mwezi wa kwanza niliwaandikia nyumbani kwamba nimeshathibitishwa kazini. Mama akatoa misa ya shukrani. Padri alilitaja jina langu mara mbili.

Leo bosi wetu, Bwana Moonsamy, ametuita ofisini, mimi na Honoré. Wasifu wangu ulikuwa mezani kwake. Nikajua nimekosea tarehe mahali. Afadhali ingekuwa tarehe! Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho: "Ninachopenda: kuvua samaki." Mstari huo niliunakili kutoka kwenye mfano wa wasifu, maktaba. Sijawahi kuvua hata kiatu.

Bwana Moonsamy ana miaka sitini, masharubu meupe, na sauti ya mtu asiyehitaji kuipandisha. Akasema anaona aibu: miezi kumi na moja ameketi na mvuvi na hakujua. Kila Ijumaa yeye hulala ukingoni mwa bwawa dogo nyuma ya mtaa wa Sydenham, machimbo ya zamani ya udongo wa matofali. Mtu anayeweza kukesha na mshipi bila kuuchezea, akasema, ndiye anayeweza kukesha na hati za forodha bila kuzikosea. Ijumaa tatu zijazo tutakwenda naye, sote wawili. Baada ya hapo ataamua.

Honoré hakupoteza hata sekunde. Akasema yeye ni mtoto wa Uvira, Kongo, ziwa iko mlangoni, samaki ya kule inamujua kwa sauti. Bwana Moonsamy akacheka. Nikaona na mimi nicheke. Nilichelewa. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti. Nimemhoji Bwana Moonsamy wakati wa chai, nikijifanya nakumbushia.

Samaki wenyewe wanaitwa karpu. Wanene, magamba makubwa, midomo kama ya mzee aliyesahau meno yake kwenye glasi. Bwawani wako kama ishirini tu, na kila mmoja ameshanaswa mara kadhaa. Wanaijua ndoana kwa umbo, wanaujua mshipi, wanajua hatua za miguu ukingoni. Unaweza kukaa miezi mitatu usiguswe.

Na ukimpata humli. Nilidhani sikusikia vizuri. Unampima, unampaka dawa pale ndoana ilipomchoma, unamwandika kwenye Daftari la Bwawa, unamrudisha majini. Nikauliza kama wote wanarudishwa. Wote. Nikauliza hata wale wakubwa. Akanitazama kama nimemwuliza mkewe ana kilo ngapi.

La muhimu kuliko yote: kuna jike mmoja wanamwita Anti. Mkubwa kupita wote, ana pengo kwenye mkia. Bwana Moonsamy amemfukuzia miaka tisa. Tangu mafuriko ya 2022 hakuna aliyemwona. Alipomtaja alishusha sauti, akageukia dirisha, akaisahau chai yake mpaka ikapoa.

Nimeelewa mara moja. Anti ni wa bosi. Atakayemgusa amejimaliza.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Asubuhi nimepakwa majivu, jioni nimepakwa matope.

Bwana Moonsamy alinipa siri ya chambo: unasonga sembe ngumu, unatia unga wa kastadi, rangi na harufu ya stroberi, kitunguu saumu kidogo, kisha unaviringa vidonge. Nikasema kusonga ugali najua, hilo halina diploma. Nimesonga jikoni kwa Amne akiwa mjini kwenye biashara yake ya vitambaa. Amne ni mtu wa Tanga, ndiye ninayepanga kwake chumba hapa Berea. Vidonge vilitoka vizuri ajabu. Vidogo, vya mviringo, vinang'aa. Nikaviweka kwenye bakuli mezani vipoe, nikaenda ibada ya jioni.

Nilisahau kwamba ni Ramadhani.

Machano, shemeji yake Amne, fundi simu mjini, huja kufuturu hapa kila siku. Saa ya kufungua swaumu ikafika. Machano akala tende, akavuta bakuli langu, akala kaimati. Yaani alidhani ni kaimati! Kumi na moja. Nilipoingia alikuwa akimweleza Amne, kwa upole wa mgeni, kwamba shira imepungua, na kwamba kwao Unguja kaimati haiwekwi kitunguu saumu, lakini kila nchi na mapishi yake. Amne akasema yeye leo hakupika kaimati. Wote wawili wakanigeukia.

Nilisema ukweli, kwa kuwa sikuwa na muda wa kutunga.

Amne aliniuliza kama huko kwetu Manyoni aliyefunga hufuturishwa chambo. Aliniuliza kama nilipomwona shemeji yake nilimwona ana mapezi. Machano yeye aliuliza jambo moja tu: kama ndani kulikuwa na ndoana. Nikaapa hapakuwa na ndoana. Hakuniamini. Amekaa kwenye kochi hadi saa nne, mkono tumboni, akimeza mate polepole.

Nimepigwa marufuku kugusa jiko mpaka Idi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kutoka usiku wa kwanza. Sijalala. Nimeumwa na mbu mahali ambapo sitapaandika.

Bwawa ni dogo. Unaweza kutupa kandambili ikafika ng'ambo. Ukingoni kuna nafasi nne zenye namba, kila moja na kijiti chake. Namba 4 ndiyo bora, ina kina na kivuli cha mwanzi. Namba 2 ni ya Bwana Moonsamy toka zamani, hakuna anayeigusa. Nilipewa namba 1: mteremko wa tope, karibu na bomba la maji machafu. Honoré akapewa 3.

Sheria: usitembee kwa kishindo, usiwashe taa, usiongee. Fimbo ya kuvulia inalazwa kwenye kiegemeo chenye kidude cha betri kinacholia mshipi ukivutwa. Unakaa kwenye kiti. Unangoja. Ndiyo yote! Saa kumi na mbili za kuogopa ukiwa umekaa. Vyura walipiga kelele kama mnada, na wao hakuna aliyewakataza.

Mimi sikufumba jicho. Nilikaa wima, mikono magotini, nionekane. Bosi gizani hakuniona. Honoré alijifunika koti usoni akakoroma toka saa tatu. Saa tisa kidude chake kikalia. Akaamka, akavuta, akatoa karpu wa kilo saba. Aliamka kutoka usingizini, jamani!

Akamkumbatia samaki kifuani, akamwambia kwa Kifaransa kwamba yeye ni malkia, akambusu kwenye kipaji cha uso. Bwana Moonsamy akasema huyo ndiye mtu mwenye mkono laini.

Halafu daftari. Sheria ya bwawa: samaki asiye na shahidi hakuwahi kuwapo. Tarehe, saa, uzito, namba ya nafasi, jina la mvuvi, sahihi ya shahidi. Wino tu, na kufuta hakuruhusiwi, hata herufi. Bwana Moonsamy alinipa kalamu mimi. Nikaandika ushindi wa Honoré kwa mwandiko wangu bora. Bwana Moonsamy akausifu mwandiko.

Alfajiri tumbili walishuka mitini, wakachukua chambo changu chote na soksi moja.

Jumatatu, 10 Machi

Nina mpango. Mpango wa kisomi.

Nimesoma kwamba karpu huzoea mahali panapolishwa. Ukipalisha kila siku saa ileile, watapafanya hoteli. Kwa hiyo: nitalisha namba 4, kila alfajiri, siku nne, kimya kimya. Ijumaa nitawahi wa kwanza, nitaweka kiti changu pale kabla mtu hajafika. Honoré atakoroma mbele ya maji matupu.

Jiko nimekatazwa. Kwa hiyo mahindi nimeyachemsha kwenye birika la ofisi baada ya wenzangu kuondoka. Mara tatu. Yametoka laini, matamu. Nimeosha birika mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tatu. Naamka saa kumi, napanda taksi ya kwanza, daladala ya huku, hadi Sydenham, narusha mahindi konzi nne, nashuka mjini kazini. Naogopa giza, naogopa nyoka, naogopa mlinzi wa lango, ambaye jana alinimulika akaniuliza naiba nini. Nikamwambia sichukui kitu, ninaacha. Akafikiri kidogo, akasema eish, watu wa kanisa mna mambo.

Lakini leo nimewaona! Migongo, mitatu, minne, ikigeuka chini ya mwanzi. Wanakula. Wanakula mkononi mwangu, karibu.

Kazini Bwana Moonsamy amelalamika kwamba chai ina ladha ya uji. Honoré akasema kweli, patron, hata yeye aliona, labda ni maji ya mji. Mimi nikasema sisikii ladha yoyote. Nikanywa vikombe viwili kuthibitisha.

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Niliwahi wa kwanza. Saa kumi na moja jioni kiti changu kilikuwa namba 4. Bwana Moonsamy akaja, akakiona, akatabasamu. Akasema leo, ili haki itendeke kati ya vijana wawili, tupige kura. Akatoa kofia. Vikaratasi vitatu: 1, 3, 4. Akaniambia mimi nichote kwanza, kwa kuwa nimewahi.

Namba 1. Bomba la maji machafu.

Honoré akachota 4. Akanisaidia kubeba kiti changu kukihamisha. Akasema pole, ndugu, lakini usiogope, fasi zote ni sawasawa, maji ni maji.

Saa mbili usiku, samaki. Saa sita, samaki. Saa kumi kasorobo, samaki, kilo kumi na moja. Honoré alisema hajawahi kuona samaki wenye adabu namna hii, ni kama walikuwa wanamungojea. Nilitaka kulia. Wale ni wangu! Nimewalea! Yule wa tatu alipofunguliwa mdomo, punje mbili za mahindi yangu zikaanguka kwenye kiatu changu.

Nimetia sahihi mara tatu. Bwana Moonsamy amewaonyesha wazee wa chama chake cha wavuvi ule ukurasa. Wamesifu mwandiko.

Jumanne, 18 Machi

Mama amepiga simu. Anataka picha yangu nimekaa kwenye meza yangu ya kudumu, Padri anataka kuibandika ofisini kwake parokiani, vijana waone. Nikasema meza iko kwenye matengenezo. Akauliza meza inatengenezwaje. Nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa, nilimsikia mpaka jogoo.

Zimebaki siku kumi na tatu.

Honoré ameleta ofisini keki aliyooka mkewe, Grâce. Vipande viwili kwa kila mtu. Kwangu vitatu. Anajifanya mwema ili nionekane mbaya. Nilivila vyote nikiwa nimekunja uso.

Jumamosi, 22 Machi

Usiku wa tatu umepita. Nimeshinda! Soma polepole uone jinsi.

Jana ilikuwa sikukuu ya taifa, tukaingia bwawani mapema. Kura tena. Mimi namba 1 tena, nimezoea; Honoré namba 4 tena. Mvua ilianza saa moja. Nilipotaka kurusha, kidole kikateleza, chambo kikadondoka majini kwenye nyasi za ukingoni, mita moja tu kutoka kwenye vidole vya miguu yangu. Nilipaswa kurusha upya. Lakini kurusha kunapiga kelele, na Bwana Moonsamy alikuwa ndiyo kwanza amesema shii. Nikaogopa. Nikaacha pale pale. Nikakaa na kuitazama aibu yangu ikielea.

Saa nane Bwana Moonsamy alikwenda kulala kwenye pikapu yake kukwepa mvua. Saa tisa na dakika ishirini fimbo yangu ilijikunja kama imeitwa.

Sijui nilifanya nini. Nakumbuka nilisema "samahani" kwa sauti. Nakumbuka tope hadi magotini. Honoré alikuja mbio na wavu, akiniambia taratibu, ndugu, taratibu, usimuvute, mwache atembee, mupe kamba. Dakika arobaini. Alipoingia wavuni, wavu ulipinda mpini. Tukamlaza kwenye godoro la kupimia samaki. Honoré akamulika kwa tochi aliyoifunika kwa kiganja.

Mkia una pengo.

Anti. Kilo kumi na tisa na nusu.

Honoré akaanza kucheza, kimya, kwenye mvua, magoti juu. Akasema ndugu, umetoboa, twende tumuamushe patron. Mimi nikamvuta shati asiende. Miaka tisa! Bosi miaka tisa, na karani wa mkataba ampate kwenye bomba la maji machafu kwa kurusha vibaya? Huyo si samaki, hiyo ni barua ya kufukuzwa. Mkubwa hapitwi. Hata shuleni nilijua: ukimshinda mwalimu hesabu, utafagia uwanja.

Ndipo akili ikanijia. Yote kwa mkupuo, kama hati iliyojaa yenyewe.

Nikamwambia Honoré samaki ni wake.

Akanitazama. Akasema hapana, vraiment, kweli kabisa, fimbo ni yako, fasi ni yako. Nikasema yeye ndiye aliyeshika wavu, bila wavu hakuna samaki. Nikasema yeye ana watoto. Akasema ndiyo, batoto banne. Nikasema basi. Akaanza kulia. Akanishika mabega, akaniita kaka, ingawa amenizidi miaka saba. Mimi nilikuwa nimeshafungua daftari chini ya mwavuli. Mvuvi: Honoré. Nafasi: 4. Shahidi: mimi. Sahihi yenye mkia mrefu, isiyo na shaka.

Kisha nikamwambia akamwamshe bosi mwenyewe. Mimi nikarudi nyuma, kwenye kivuli, kumtazama akijichimbia kaburi.

Bwana Moonsamy alikuja na soksi tu miguuni, bila viatu. Alipouona mkia alipiga magoti kwenye tope. Mabega yalikuwa yanatikisika. Ghadhabu! Nilijua! Alimrudisha Anti majini kwa mikono yake, akakaa pale, maji kiunoni, mpaka kulipopambazuka.

Nimelala usingizi wa kwanza tangu mwezi uanze.

Jumapili, 23 Machi

Nimesikia kutoka kwa Amne, aliyesikia sokoni, kwamba kanisani kwao Honoré ametoa ushuhuda. Alisimama mbele ya watu wote akasema iko Mtanzania mmoja, jina Dominiki, alimupatia samaki yake ili batoto wale. Watu walilia. Wameniombea.

Amne ameniuliza lini nimekuwa mtakatifu, maana kodi ya chumba naleta kwa kununa. Nikamwambia akae kimya. Hakukaa.

Sina raha. Kuna nini cha kushuhudia?

Jumatatu, 24 Machi

Saa tatu asubuhi Honoré aliingia ofisini kwa Bwana Moonsamy. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia akisema usiku mbili hakulala, dhamiri inamukula. Samaki ile haikuwa yake, ilikuwa ya Dominiki, daftari imeandikwa kwa huruma tu.

Nikaitwa.

Bwana Moonsamy alikuwa ameegemea kiti, vidole vimeunganishwa. Hakukunja uso, hakucheka. Uso wa afisa wa forodha aliyeona kontena lisilo na orodha. Akaniuliza, polepole, kama ni mimi niliyemtoa Anti. Akasema nifikiri vizuri kabla ya kujibu.

Fikiri vizuri! Nilifikiri. Huo ni mtego wa wazi. Wamekaa pamoja, wamepanga. Nikisema ndiyo, kwanza nimemshinda bosi, pili nimetia sahihi uongo kwenye daftari lisilofutika. Makosa mawili, siku moja.

Nikasema hapana, bwana. Nikasema niliona kwa macho yangu Honoré akivuta. Nikasema sahihi yangu ni sahihi yangu. Honoré akasema kaka, usifanye hivi, sema ukweli. Nikasema ukweli ni huo, Honoré amechoka tu, na ni mtu mnyenyekevu mno. Nilisema kwa ufasaha. Sijawahi kuwa fasaha hivyo hata kwenye usaili.

Bwana Moonsamy alifuta miwani yake. Akasema basi. Akasema miaka mitatu aliamini Anti alisombwa na yale mafuriko, kama vilivyosombwa ua na gari na nusu ya nyumba ya dada yake. Alikuwa haendi tena bwawani kuvua, alikwenda kungoja. Usiku ule alimshika mkononi, mzima. Akasema mtu aliyemletea jambo lile, awe nani, angempa nafasi hata kama hajui kuandika jina lake. Alimgeukia Honoré: na mtu anayejaribu kulikataa jambo kama hilo kwa ajili ya mwenzake, huyo anampa mara mbili.

Wakashikana mikono. Honoré analia. Bwana Moonsamy analia. Mimi nikaombwa niandike barua ya uthibitisho, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Niliiandika. Haikuwa na kosa hata moja.

Jumanne, 25 Machi

Nimekaa siku nzima nikitafuta pa kukata rufaa. Hakuna. Nikisema sasa kwamba samaki ni wangu, mimi ni mwongo mara mbili, tena kwa maandishi. Shahidi pekee anayeweza kunitetea ni Honoré, na nimeshathibitisha mbele ya bosi kwamba maneno yake si ya kuaminika.

Honoré amenivuta pembeni akauliza kwa nini. Akasema bado anaweza kurudi kusema. Nikamwambia asithubutu. Bado kuna uwezekano kwamba bosi anamchukia kimoyomoyo na anangoja tu wakati wake. Wakubwa wana subira.

Akasema wewe, kaka, unaogopa mpaka bahati.

Mshenzi. Kaniletea tena keki.

Alhamisi, 27 Machi

Matumaini! Ghorofa ya pili, jengo hilihili la ofisi yetu, kuna ofisi ndogo ya mizigo ya Bwana Pontien, Mrundi, mnene, mcheshi. Anatafuta karani kuanzia mwezi ujao. Barua ya kibali anaandika mwenyewe. Lakini hafanyi usaili. Kila mchana anacheza drafti kwenye korido kwa vizibo vya soda, na anayetaka kazi anakaa mbele yake acheze.

Sasa, drafti naijua. Chuoni nilikuwa bingwa miaka miwili mfululizo. Nilipomwona anavyofungua mchezo, nilijua ningemmaliza kwa hatua tisa.

Lakini sasa ninaijua dunia. Mkubwa hapitwi.

Nimeshindwa michezo sita. Ya sita nilimpa kete tatu kwa mkupuo, ikawa kama ajali ya treni. Alicheka hadi akashika ukuta. Aliniuliza kama nilifundishwa na mbuzi. Nikacheka naye, safari hii kwa wakati.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeshindwa michezo kumi na miwili. Naendelea vizuri.

Bwana Pontien leo hakucheka. Alipanga vizibo polepole, akasema, kijana, nikuambie kitu. Akasema ameshachoka na vijana wanaojiachia. Wote wanakuja pale kumtengenezea ushindi kama anayelishwa uji. Anatafuta mtu mmoja tu wa kumfunga, hata mara moja, kwa sababu karani asiyethubutu kula kete ya bosi wake hatathubutu kumwambia hati imekosewa. Akasema macho yangu yanaona kila hatua, anayaona yakiona, ila mkono unakwenda kwingine. Akasema Jumatatu ni siku ya mwisho, atamchukua atakayemshinda.

Nimemwelewa. Ni mjanja kuliko Bwana Moonsamy. Huyu mtego wake anautangaza.

Jumatatu nitashindwa michezo kumi na minane.

Kama unasoma haya na unajua nafasi nyingine ya karani, popote, nipate hivi. Usije ofisini. Njoo Berea, jengo la rangi ya krimu lenye lifti mbovu, ghorofa ya nne, mlango wa kijani. Gonga mara mbili, taratibu. Akifungua Amne, sema umeleta vitambaa, uliza bei, kisha acha karatasi chini ya zulia la mlangoni. Usiandike jina langu juu yake. Andika "karani", nitajua. Ukipenda kupiga simu, piga, ikatike, piga tena. Mara ya kwanza huwa sipokei, naogopa. Ila usipige kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana. Saa hizo nitakuwa kwenye korido, nashindwa.